Mtoto anazubaa ghafla kisha anaendelea kama kawaida. Na hiki ni kifafa?

Mama Wawili:
Wanajamvi, habari zenu. Naomba ushauri, mwenye kejeli apite tu. Binti yangu ana miaka 7. Anaweza kuwa anaongea, mara anakatika, macho yanaganda, kope zinachezacheza, namwita haitiki. Sekunde chache baadaye anamalizia alichokuwa anasema. Mwalimu wake anasema hana usikivu. Haanguki, hatoki povu. Shemeji kaniambia ni kifafa, nikabisha. Kwani kifafa si mpaka mtu aanguke?

Jirani Mwema:
Huyo anawaza katuni tu. Mnyang'anye simu.

Tabibu wa Zamu:
Jirani, anayewaza katuni ukimgusa bega anashtuka. Huyu haitiki kabisa.

Dada, pole. Kifafa ni umeme wa ubongo kuvurugika, na kinachoonekana kinategemea umevurugika wapi. Ukianzia sehemu moja, mkono mmoja unaweza kuchezacheza wenyewe, au mtu anasikia harufu ambayo wengine hawaisikii, au anatafuna tafuna hana kitu mdomoni. Ukishika pande zote mbili za ubongo, ndiyo kule kuanguka, kukakamaa na kutikisika mnakokujua. Lakini kuna aina ya pande zote mbili ambayo ni kuzubaa tu, na huwapata zaidi watoto wa umri huo.

Siwezi kumpima mtandaoni, ila usilipuuze. Mrekodi video, itamsaidia daktari kuliko maelezo yetu yote hapa. Huenda akamwambia apumue kwa nguvu na haraka kwa dakika chache, maana mara nyingi hali hiyo hujitokeza hapo hapo, kisha apimwe EEG, yaani umeme wa ubongo. Usimjaribishe nyumbani.

Mama Wawili:
Asante. Alipokuwa na mwaka mmoja alipata degedege la homa. Ndiyo chanzo?

Tabibu wa Zamu:
Si lazima. Watoto wengi wanaopata degedege la homa hawaishii kwenye kifafa. Vyanzo ni vingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kiharusi, hata mayai ya tegu wa nguruwe. Karibu nusu ya wagonjwa duniani chanzo chao hakijulikani. Huku kuzubaa kwa watoto mara nyingi ni mambo ya vinasaba. Hukumfanya chochote.

Bi Mkubwa:
Akianguka mtie kijiko mdomoni asing'ate ulimi.

Kaka wa Mwisho:
Bi Mkubwa, shikamoo, lakini hapana! Mimi ni mgonjwa, na kijiko ndicho kinachovunja meno. Mlaze mtu ubavu, ondoa vitu vigumu, tazama saa. Zikipita dakika 5 ni dharura.

Dada, usiazime dawa ya mtu. Mimi natumia karbamazepini na inanifaa, ila kwa kuzubaa inaweza kuzidisha. Huko hutumika zaidi ethosuksimidi. Wakikutajia valproeti, uliza kwa nini, kwa sababu ni binti na dawa hiyo hudhuru mimba akishakuwa mkubwa. Na akianzishwa dawa, usimkatishe ghafla hata akionekana mzima.

Mama Wawili:
Video nimeipata, na daktari tutamwona wiki hii. Mwalimu nimwambie sasa au nisubiri majibu?

Tabibu wa Zamu:
Sasa. Na kama wana somo la kuogelea, asiingie majini bila mtu wa kumwangalia yeye peke yake.