Rasimu inatumwa usiku, kikao asubuhi: huo ndio ushirikishwaji wa AZAKI (asasi za kiraia)?

Wakuu, tusidanganyane. Taratibu za OGP, ule mpango wa kuendesha shughuli za serikali kwa uwazi ulioanzishwa Septemba 2011 na nchi 8, zinajulikana. Ratiba ya kutoa maoni itangazwe wiki 2 kabla ya kuanza kuandaa mpango kazi wenye ahadi za serikali, jukwaa la wadau likutane angalau mara moja kila miezi 6, na waliotoa maoni wapewe majibu yenye sababu.

Hilo la mwisho ndilo linalozikwa. Watu wanasaini mahudhurio, picha inapigwa, kisha rasimu ya pili inatoka ni ileile ya kwanza, koma kwa koma. Kazi yenyewe ni jedwali la safu 4 tu: maoni, aliyeyatoa, yamekubaliwa au yamekataliwa, na sababu. Safu ya nne ndiyo inayowatisha maofisa wa serikali, maana "hatuna fedha" na "mkubwa hataki" ni majibu mawili tofauti, na yakishaandikwa hayafutiki.

Sasa tazameni ahadi za mpango kazi. "Kuimarisha uwazi katika manunuzi ya umma." Mtathmini huru ataipimaje hiyo? Andikeni hivi: kila mkataba uchapishwe ndani ya siku 30 tangu usainiwe, ukiwa na jina la mzabuni, bei, nyongeza za baadaye na wamiliki halisi wa kampuni, kwenye faili linalochambulika, siyo kurasa zilizoskaniwa kiupandeupande. Na itajwe ofisi moja itakayobanwa. "Wizara husika na wadau" ndio nani?

Halafu mpango unazinduliwa bajeti imeshapita. Hakuna kasma (fungu la fedha kwenye bajeti), kwa hiyo hakuna utekelezaji. Miaka 2 inakatika, ahadi inahamia mpango unaofuata kwa jina jipya.

AZAKI nanyi msijifiche. Mnakalia viti vya jukwaa bila kuuliza ajenda inaandaliwa na nani, wala muhtasari unaandikwa na nani. Mei 2017 asasi za Mexico zilijitoa kwenye sekretarieti ya pamoja na serikali baada ya kufichuka kwamba simu za wanaharakati, wakiwemo wa afya, zilikuwa zikilengwa na programu ya kijasusi. Ninyi hata kugoma kusaini taarifa ya pamoja kunawashinda! Kikao kijacho kianze na jedwali la majibu ya kikao kilichopita. Lisipoletwa, kalamu zibaki mfukoni.