Nigawe vipi siku ngumu na nyepesi hapa Mbeya?

Mkimbiaji wa Isyesye:
Salaam wanajukwaa. Tangu Juni najiandaa kwa nusu marathoni ya Moshi mwishoni mwa Februari. Jumanne nakimbia mita 1,000 mara sita kwa kasi, Alhamisi napanda mlima, Jumapili nakwenda kilomita 18, na siku nyingine nakimbia mbio nyepesi na wenzangu hadi Uyole. Mwaka jana nilifuata ratiba hiihii, na ilipofika Desemba muundi wa kulia uliniuma hata niliposhuka ngazi. Nikosoeni.

Mwalimu wa Mafinga:
Ndugu yangu, nina shaka na hizo siku unazoziita nyepesi. Kundi likiwa na vijana wawili wanaopimana nguvu, kila siku hugeuka mashindano. Kipimo changu ni mazungumzo: uweze kusimulia kisa kizima bila kukatwa na pumzi, na mlima ukikunyima pumzi hiyo, utembee bila kuona haya, kwa kuwa katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, mwendo uliopangiwa watu wa Pwani haukufai.

Kuhusu mwaka, umeanza kasi mapema mno. Peter Snell wa Nyusiland, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1960 na 1964, alijengwa na kocha wake Arthur Lydiard kwa wiki za kilomita 160 hivi kabla ya kuingia vilima na kasi, naye alikuwa wa mbio fupi kuliko zako. Kwa hiyo Juni hadi Septemba siku moja ngumu kwa wiki inatosha, vilima vifuate Oktoba na Novemba, kisha kasi. Huo muundi, ukibonyeza mahali pamoja kwa kidole ukaruka kwa maumivu, acha kukimbia umwone daktari.

Mama wa Njombe:
Mwanangu, Desemba hulimi? Mimi nikitoka kupalilia mahindi tangu alfajiri, siku hiyo naiandika ngumu hata kama sijavaa viatu vya mbio.

Mkimbiaji wa Isyesye:
Shikamoo mama. Kumbe! Desemba ile nilishinda shambani kwa baba wiki mbili, na jioni nilikimbia ratiba yote. Jembe sikulihesabu kabisa. Nashukuru pia kwako mwalimu. Leo nimewaacha wenzangu watangulie, nami kilima cha Uyole nimekipanda kwa miguu, wakinicheka.