Tupeane uzoefu: uliambiwa huna kipaji cha kuimba, kupiga ala au kusimulia. Ulifanyaje?

Kinanda Kibovu:
Habari wakuu. Jana jioni napanda ngazi nikamsikia mtoto wa jirani anaimba. Hakuwa anaimba vizuri, nisidanganye, ila alikuwa anaimba kwa moyo wote mpaka nikapunguza mwendo. Mara sauti ya mtu mzima: "Hebu nyamaza, wewe huna sauti." Mtoto akazima palepale, kama redio iliyochomolewa waya.

Mimi niliambiwa hivyohivyo nikiwa na miaka 11. Sasa nina 34, na gitaa langu nalipigia chooni, mlango nimefunga. Nani mwingine? Mwageni hapa.

Bwana Besi:
Chooni mwangwi ni mtamu lakini. Endelea.

Mama Wawili:
Umenikumbusha mbali wewe. Tulikuwa wasichana ishirini na kitu, mimi nikiwa soprano, wale wa sauti ya juu kabisa, zimebaki siku tatu twende mashindano. Mwalimu wa kwaya alikuwa na tabia ya kupita mbele yetu tukiimba, ameinamisha sikio, mdomo kwa mdomo, kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Alipofika kwangu akasimama. Akarudi nyuma hatua moja. Akainua mkono, wote kimya. "Imba peke yako."

Nikaimba mstari mmoja. Pale juu penye noti ndefu sauti ikapasuka. Wenzangu wakacheka, na si kile kicheko cha wazi, ni kile cha kuziba mdomo kwa kiganja, ambacho ndicho kibaya. Mwalimu hata hakukasirika. Akaniambia taratibu, "Siku ya mashindano wewe fungua mdomo tu. Usitoe kitu."

Nikafungua mdomo tu. Tukashinda. Cheti ninacho mpaka leo, jina langu limeandikwa vizuri, cheti cha kuimba wimbo ambao sikuuimba. Mama alikaa kiti cha mbele. Tulipotoka akanishika mkono: "Nimekusikia mwanangu, sauti yako niliitambua." Nikamkumbatia nikalia, naye akadhani ni furaha.

Miaka kumi na tisa sikuimba, hata kuwabembeleza watoto wangu. Nilikuwa nawasimulia hadithi badala yake. Halafu siku moja mtu anayefundisha uimbaji akanisikia nazungumza, akaniuliza kwaya nilikuwa sauti gani. Nikamwambia soprano. Akacheka: "Nani alikupeleka huko? Wewe ni alto, sauti ya chini ya hiyo." Kumbe noti yenyewe haikuwa yangu.

Sikio la Kufa:
"Fungua mdomo tu." Na mimi niliambiwa neno kwa neno. Kumbe tupo wengi.

Fundi Nyuzi:
Dada hapo juu kasema jambo ambalo watu wanalipita. Nyimbo nyingi mnazojilazimishia zimerekodiwa kwenye funguo ya mwimbaji mwenyewe, yaani kimo kinachofaa sauti yake, si ya kwako. Kama wimbo uko G na unakukaba, ushushe mpaka E uone. Hakuna polisi wa funguo. Nimefundisha gitaa muda mrefu, na wengi wanaokuja wakisema "mimi sina sauti" walikuwa wanaimba juu kuliko koo lao linavyofika.

Na wewe mleta mada, ukijirekodi usishtuke. Sauti unayoisikia ukiongea inapita pia kwenye mifupa ya kichwa, ndiyo maana unaisikia nzito. Kwenye simu ile besi ya mifupa haipo. Kila mtu huichukia sauti yake siku ya kwanza.

Sikio la Kufa:
Mimi niliichukia na siku ya mia mbili.

Mkweli Daima:
Jamani tusidanganyane. Kuna watu hawana kipaji na mtu akiwaambia anawasaidia, wakatafute kingine. Kuna hata hali ya kuzaliwa nayo, amuzia, ubongo hautofautishi noti. Huyo utamshushia funguo mpaka chini ya bahari na bado atapotea.

Mama Wawili:
Hao ni mtu mmoja au wawili katika mia. Kwaya yetu peke yake walifungwa midomo watano kati ya ishirini na kitu. Na mwenye hali hiyo kwa kawaida hata hajui kama katoka nje ya noti. Mimi nilijua kabla ya mwalimu. Sikio lilikuwa zima, ni koo halijafundishwa kulifuata sikio.

Mkweli Daima:
Sikukusema wewe.

Mama Wawili:
Nimejisema mwenyewe.

Bwana Besi:
Hahaha, Mkweli kaa kwanza kaka.

Mpenda Taarabu:
Siti binti Saad alitembeza vyungu vya kuuza, akabezwa, na mwaka 1928 akaenda kurekodi Bombay. Sasa wewe mwenye gitaa chooni unakata tamaa kwa lipi?

Mkweli Daima:
Mfano mbovu. Siti nani alimwambia hana sauti? Sauti alikuwa nayo toka anatembeza hivyo vyungu. Walichokibeza ni ufukara wake na asili yake.

Mpenda Taarabu:
Na unadhani wote wanaoambiwa "huna kipaji" wanaambiwa kwa sababu ya sauti?

Mkweli Daima:
Hapo sawa. Lakini mfano bado mbovu.

Mwanakinanda:
Chukueni Verdi basi, yule mtunzi wa opera wa Italia. Mwaka 1832 chuo cha muziki cha Milan kilimkataa. Umri umepita, mikono anaiweka vibaya kwenye piano. Leo chuo hicho kinaitwa kwa jina lake.

Mkweli Daima:
Na mikono yake huenda ilikuwa vibaya kweli. Hawakusema hawezi kutunga.

Fundi Nyuzi:
Mkweli bila kujua umesema la maana. Walikuwa na neno kuhusu mikono, wakamfungia mlango mzima. Kwa wanafunzi wangu nayaona hayohayo: mtu kashindwa kodi (chord, noti kadhaa kwa pamoja) ya F, kaambiwa gitaa si lake. Ile kodi ya F, kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote, inatesa kila anayeanza. Ni kama kodi ya nyumba, haikwepeki, ila mwezi wa pili unaizoea.

Kinanda Kibovu:
Mimi nina mwaka wa tatu sijaizoea.

Hadithi Njoo:
Samahani natoka kidogo nje ya muziki, mimi ni wa kusimulia. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeniambia niache. Maneno yake: "Wewe ukianza hadithi, watu wanaanza kutafuta viatu vyao." Nikaacha. Nikawa mtu wa kucheka hadithi za wengine.

Miaka minne baadaye, harusi ya binamu yetu, nimechelewa. Niko mlangoni nasikia ukumbi unacheka mpaka meza zinagongwa. Naingia. Kaka kashika kipaza sauti anasimulia habari ya punda aliyeingia msibani akagoma kutoka. Wakuu, hadithi ile ni YANGU. Punda nilimwona mimi. Yeye siku hiyo hakuwepo hata. Na anasema "mimi": mimi nilimshika mkia, mimi nilipigwa teke.

Nikapita katikati ya meza mpaka mbele. Akaniona. Akanyamaza. Ukumbi mzima ukageuka. Nikanyoosha mkono nikachukua kipaza sauti na

betri 2%, nitarudi

Bwana Besi:
WEWEEE

Sikio la Kufa:
Huyu ndiye anayefanya watu watafute viatu? Mimi nimevua.

Mama Wawili:
Mwanangu chaji hiyo simu.

Mpenda Taarabu:
Akisema "itaendelea" namtafuta alipo.

Mkweli Daima:
Mada ilikuwa muziki lakini.

Bwana Besi:
Mkweli, na wewe unasubiri, usijifanye.

Ulimi Mzito:
Wakati tunasubiri niseme langu. Mimi nina kigugumizi. Darasani nikiinuka kusoma, wenzangu walikuwa wanahesabu sekunde. Ila nikiimba kinaondoka, na nimekuja kujua kwamba kwa wengi wenye kigugumizi ndivyo ilivyo. Basi hadithi za watoto wangu naziimba, hata "paukwa" naiimba. Wao wanaitikia "pakawa" kwa sauti ya pili, hawajui kama ni dawa. Wanadhani ndivyo hadithi zinavyokuwa kila nyumba.

Mama Wawili:
Hii imenigusa.

Fundi Nyuzi:
Ushauri kwa mleta mada: dakika kumi na tano kila siku, usikose. Kuliko saa tatu Jumapili halafu wiki nzima kimya.

Mwanakinanda:
Mimi ningesema aache mwezi mzima, asiguse kabisa. Hamu ikirudi yenyewe ndiyo jibu.

Bwana Besi:
Mimi nasema hamia nyumba isiyo na jirani.

Hadithi Njoo:
Nimerudi, umeme ulikatika.

Nilichukua kipaza sauti nikiwa nimekusudia kumwaibisha. Lakini katika kupita kati ya meza nilikuwa nimeshasikia dakika nzima ya hadithi yangu, na nisiwafiche, alikuwa anaisimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa naanzia mbali: marehemu alikuwa nani, tulisafirije, nani hasemezani na nani. Punda anapoingia watu wameshachoka. Yeye, baadaye nikaambiwa, sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Punda aliingia kabla ya jeneza." Basi, ukumbi wote wake.

Nikasema kwenye kipaza: "Aliyepigwa teke ni mimi, na kovu ninalo." Nikapandisha suruali. Watu wakaanguka. Tukaimalizia wawili, yeye sentensi, mimi sentensi. Siku ile hatujawahi kuizungumza. Ila kila sherehe sasa tunaitwa wote, na bado anadai alikuwepo.

Mkweli Daima:
Kwa hiyo kaka alikuwa sahihi, ulikuwa unachosha.

Mpenda Taarabu:
Kaka ni mwizi. Mtu anakukataza kusimulia halafu anaingia stoo kuchukua mali?

Hadithi Njoo:
Wote mna haki. Nilikuwa nachosha, na kaka ni mwizi. Angesema tu "anza na punda" ningeokoa miaka minne.

Sikio la Kufa:
Mama Wawili, cheti utakirudisha?

Mama Wawili:
Sirudishi. Dakika nne natikisa mdomo bila sauti na majaji hawakujua. Kile nimekifanyia kazi.

Kinanda Kibovu:
Wakuu nimejaribu. Ule wimbo nimeushusha mpaka E, mlango wa choo wazi. Koo halijakaba. Ila kuna mtu kagonga ukuta mara tatu, upande wa kwa yule mtoto. Sijui ananifuata mapigo au ananiambia ninyamaze. Ngoja nirudie nione.