Naomba ushauri: kuweka makubaliano ya maandishi na mkandarasi wakati ukarabati unaendelea

Ndugu zangu, tunakarabati nyumba tunamoishi, na mkandarasi tuliyempata ni hodari na msikivu, ila makubaliano yetu mengi hufanyika kwa mdomo, tukiwa tumesimama katikati ya vumbi. Juzi alipendekeza tubomoe ukuta ulio kati ya jiko na sebule. Wazo ni zuri, lakini huenda ukuta huo unabeba uzito wa paa, na kwa maoni yangu mhandisi wa majengo anapaswa kuuona kabla ya nyundo.

Ningependa kila badiliko liandikwe pamoja na gharama na siku zitakazoongezeka, kisha sote wawili tutie saini. Vilevile malipo yafuate hatua zilizokaguliwa, na sehemu ndogo izuiwe hadi kasoro zirekebishwe. Mwenzangu anahofia kwamba kudai hayo sasa, kazi ikiwa imefika nusu, kutamfanya mkandarasi ahisi haaminiki.

Mliopitia hali hii, mliyaanzishaje mazungumzo hayo bila kuharibu uelewano? Je, kuzuia asilimia 5 au 10 ni haki kwa kazi ndogo kama hii? Mafundi mliomo humu, ningefurahi zaidi kusikia upande wenu.