Michezo ya darasa la Jumamosi: ipi inamfanya mtoto azungumze?

Ndugu wanajumuiya,

Darasa letu la Kiswahili hapa Columbus, Marekani, limefikisha watoto 14, wenye umri wa kati ya miaka 5 na 12, ambao karibu wote huelewa wanapozungumziwa lakini hujibu kwa Kiingereza. Tulinunua karata za picha, tukajaribu na michezo miwili ya simu. Watoto walifurahi, wakashinda, na hawakutamka neno hata moja. Naomba mwenye uzoefu atushauri michezo inayofaa, isiyo na gharama kubwa, tukizingatia kwamba chumba tunachokodi ni kidogo na hakiruhusu mbio za kombolela wala rede.

Mwalimu wa kujitolea, Columbus

---

Mwalimu, pole na kazi.

Nimefundisha darasa kama hilo hapa Minneapolis kwa miaka 6, na siku hizi kigezo changu ni kimoja: ikiwa mtoto anaweza kushinda akiwa kimya, mchezo huo haufai kwa somo la lugha, hata ukiwa na picha za kupendeza kiasi gani.

Karata zenu msizitupe. Badala ya kuoanisha picha zinazofanana, oanisheni umoja na wingi, na mtoto asichukue jozi mpaka atoe sentensi mbili kamili: "Kikombe changu kimevunjika, vikombe vyangu vimevunjika." Anayesema "kikombe yangu" huzirudisha karata na kupoteza zamu, jambo linalowafanya wenzake wawe wasikilizaji makini kuliko mimi mwenyewe. Anzeni na ngeli ya KI-VI, kisha U-I, na ile ya I-ZI iacheni mwisho, kwa kuwa neno "nyumba" halibadiliki na tofauti yote hubebwa na "yangu" na "zangu".

Bao la Kiswahili lenyewe, lenye nyumba (shimo maalumu la kuwekea akiba ya kete) na kunamua (kuingiza kete moja moja kutoka mkononi), ni gumu kwa watoto hawa. Wafundisheni bao la kujifunza, ambalo kila shimo kati ya mashimo 32 huanza na kete 2, jumla 64. Makasha matatu ya mayai 12 yanatosha: mawili yaacheni mazima, la tatu likatwe vipande viwili vya mashimo manne, kila kimoja kiunganishwe na kasha zima ili kila mchezaji apate safu mbili za mashimo manane. Komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, za kutoka nyumbani zina raha yake, lakini mbegu lazima zitajwe forodhani na zinaweza kuzuiwa, kwa hiyo sisi hutumia maharage. Sharti letu ni kwamba mchezaji atangaze kila hatua: "nitaanzia hapa", "nimekula" (nimeteka kete), "nimelala" (zamu yangu imeisha). Hapo wanajifunza nyakati bila kuonyeshwa jedwali lolote.

Hata hivyo, mchezo ninaouthamini zaidi hauhitaji kifaa chochote, nao ni vitendawili. Mtoto akisema "Kitendawili!" wenzake huitikia "Tega!", na wakishindwa hutoa mji. Kwetu mji lazima uwe wa Afrika Mashariki, na mwenye kuupokea aeleze alivyosafiri na alichokiona huko kabla ya kufichua jibu. Mtoto mmoja alipewa Tanga akatuchukua dakika tano nzima. Chagueni vitendawili ambavyo jibu lake mtoto analijua: "Nyumba yangu haina mlango" kinaeleweka popote penye yai, lakini "Kuku wangu katagia mibani" kiliwashinda wote, maana nanasi wanalolijua hutoka kwenye kopo.

Mzazi na mwalimu, Minneapolis

---

Ahsante sana, ndugu yangu. Makasha ya mayai nimeanza kuyakusanya leo. Swali moja limebaki: je, wale wa miaka 5, ambao hawawezi kukaa kwenye bao kwa muda mrefu, mnawaweka wapi?

---

Hao hubaki kwenye duara la ukuti ukuti na mzazi mmoja kwa nusu saa ya kwanza, kisha hupewa kazi ya kuhesabu kete kwa sauti kabla ya kila bao kuanza. Wakikosea, bao halianzi.