Wakuu, naomba ushauri: Chuncheon hadi Sokcho kwa gari, peke yangu. Nipite njia ipi?

Binti wa Kilosa:
Wakuu, habari za jioni. Niko Seoul kimasomo. Mitihani ya katikati ya muhula imekwisha, kichwa kimechoka, nataka nitoke mjini nikatazame maziwa na milima. Mpango ni Chuncheon, nizunguke Ziwa Uiam, nipande bwawa la Soyang, nipite Yanggu na Inje, nivuke mlima pale Hangyeryeong ndani ya hifadhi ya Seoraksan, niteremkie pwani hadi Sokcho. Naendesha mwenyewe. Kuna barabara kuu ya kulipia inayokufikisha Yangyang haraka, na kuna ile ya zamani namba 44 inayopanda mlima. Ipi? Usingizi siupati kwa mawazo, tafadhali msinikejeli.

Ngoja Kidogo:
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee.

Mama Nasra:
Mwanangu, binti peke yako milimani ugenini? Huna hata rafiki mmoja wa kike wa kukusindikiza? Mama yako anajua?

Mzee wa Kitonga:
Mlima ni mlima, uwe Korea uwe Iringa. Shuka na gia uliyopandia, breki ziache zipumzike. Mvua za El Nino za 1998 nilikuwa na semi ya mbolea naelekea Mbeya, utingo wangu amelala, ukungu hata boneti huoni. Mbele yangu tanki la mafuta limekaa upande. Nilichofanya siku ile wenzangu wanakisimulia mpaka leo pale Ruaha Mbuyuni.

Ngoja Kidogo:
Mzee, gari za huko ni otomatiki.

Mzee wa Kitonga:
Otomatiki nayo ina gia, kijana.

Sokwe Mpole:
Nilisoma Daejeon hadi 2019, hiyo njia naijua. Barabara kuu ilifika Yangyang 2017 na ina handaki la Inje la karibu kilomita 11, humo utaona taa tu. Pita 44. Tangu ile kubwa ifunguliwe hii ya zamani imepoa, na miamba ya Hangyeryeong utaiona vizuri. Ila Novemba hii majani yameshapukutika juu, na alfajiri barabara ya kivulini huganda bila wewe kujua. Weka KakaoMap au Naver Map, enzi zangu Google Maps ilikuwa haielekezi gari kule. Wanaendesha kulia. Ukikata kulia kwenye taa nyekundu, simama kabisa kwanza. Sasa, gari ni la kukodi? Wakodishaji wanataka pasipoti, leseni ya nyumbani na ya kimataifa.

Binti wa Kilosa:
Asante sana kaka. Gari si la kukodi, nimeshalipata. Basi nitapita 44.

Sokwe Mpole:
Umelipata wapi?

Binti wa Kilosa:
La mwenzangu wa maabara, Mkorea. Yeye anakwenda kwao Busan kwa treni, funguo kaniachia mwenyewe. Bima lina, kabla hamjauliza.

Sokwe Mpole:
Bima ya nani? Kule bima nyingi zinataja nani aendeshe: mwenye gari tu, au yeye na familia, au wenye umri wa kuanzia 26. Nje ya hapo ukigonga ni mfuko wako na wake. Ipo ya siku moja kwa anayeazima gari, lakini inataka leseni halali. Ya kimataifa unayo?

Binti wa Kilosa:
Ninayo.

Sokwe Mpole:
Ya lini?

Binti wa Kilosa:
Nilikuja nayo. Haya, mwaka umepita. Lakini kaka yangu yuko Dar ananishughulikia mpya, inafika Alhamisi. Na mimi si mwanafunzi wa udereva, nimeendesha pikapu ya baba na vitunguu nyuma tangu sekondari. Chumba Inje nimeshalipia, hawarudishi hela. Halafu polisi wa huku hawasimamishi watu ovyo kama kwetu, kila kitu kamera, na kamera haioni leseni.

Sokwe Mpole:
Mwaka unahesabiwa tangu uingie nchini, si tangu karatasi igongwe muhuri Dar. Kuendesha bila leseni halali kule ni jinai, na visa yako ya masomo haina mjomba pale uhamiaji.

Mama Nasra:
Mwenye gari ni mwanaume?

Binti wa Kilosa:
Ana mchumba, mama.

Mama Nasra:
Sikuuliza hilo.

Fundi Bomba:
Wazee, hii chai. Juzi huyuhuyu kwenye uzi wa kuku alisema ana vifaranga Kibaha vinakufa kwa kideri. Leo yuko Seoul anatafuta milima. Weka picha ya kadi ya ukaazi, jina ficha.

Ngoja Kidogo:
Chai ya tangawizi kabisa. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma.

Binti wa Kilosa:
Vifaranga ni vya mama, nilimwulizia. Picha siweki. Niulizeni chochote.

Fundi Bomba:
Haya. Chuncheon kuku wanamlaje?

Binti wa Kilosa:
Dakgalbi. Sahani pana ya chuma iko katikati ya meza, moto chini. Kuku anakuja mbichi, amekatwa na kupakwa pilipili nyekundu, juu kabichi, viazi vitamu na vipande virefu vya mchele uliopondwa. Unavalishwa aproni. Mhudumu anakoroga mwenyewe, ukigusa mwiko anakufokea. Mkimaliza anamwaga wali kwenye masazo, anaukandamiza mpaka unashika ukoko, mnaukwangua.

Mzee wa Kitonga:
Kwa huo ukoko nimemwamini.

Fundi Bomba:
Hayo yote yako YouTube, mzee.

Sokwe Mpole:
Awe mkweli asiwe, jibu langu ni moja. Treni ya ITX hadi Chuncheon, basi hadi bwawa la Soyang, pale unapanda boti kwenda hekalu la Cheongpyeongsa. Ziwa utaliona, mlima utaupanda. Inje kuna basi, chumba chako hakipotei.

Binti wa Kilosa:
Basi halisimami ninapotaka mimi. Hapo ndipo hamnielewi. Ngoja Alhamisi ifike.

Sokwe Mpole:
Karatasi ya Alhamisi haibadilishi kitu, nimeshasema.

Mama Nasra:
Na hao vifaranga wa mama yako, walichanjwa? Kideri ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu.

Binti wa Kilosa:
Hajachanja. Dawa inapatikana duka lolote la mifugo?

Kijana wa Tunduma:
Samahani kwa kuingilia. Dada, huo ufadhili wa Korea mnaombaje? Nimekutumia ujumbe inboksi.