Picha za ukutani za kikemia: sayanotaipu, mrututu au choya?

Fundi_Makole: Wakuu, habari za jioni. Nataka kutengeneza picha za kutundika zinazotokana na kemia. Nimevutiwa na sayanotaipu (picha za bluu zinazochapwa kwa mwanga wa jua), fuwele za mrututu (salfeti ya shaba), na rangi ya maua ya choya inayogeuzwa kwa ndimu na magadi. Jumamosi naagiza vifaa. Ipi bora? Nawasilisha.

Mama_Ipagala: Bora kwa kazi gani? Hujasema bajeti, ukubwa wa picha, wala kama ukuta unapigwa jua. Watoto wadogo wapo?

Nkuhungu_Kwetu: Sayanotaipu, mkuu. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliigundua 1842, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Anna Atkins akaanza kuchapa picha za mwani kwa njia hiyo. Feriki amoniamu sitreti gramu 25 kwa mililita 100 za maji, potasiamu ferisayanaidi gramu 10 kwa mililita 100 nyingine. Changanya sawa kwa sawa, paka karatasi, ikauke gizani, weka jani juu, toa juani. Ukiosha, palipofunikwa panabaki peupe, kwingine bluu iliyokolea. Jua la Dodoma ndilo lenyewe! Majani ya mbuyu usiyasubiri, kiangazi hiki yamepukutika. Chuma mwarobaini.

Kisasa2: Ferisayanaidi si sumu hiyo?

Nkuhungu_Kwetu: Sayanaidi yake imeshikwa na chuma, haiachii kirahisi. Usiikutanishe na asidi kali, usiipashe moto.

Mwalimu_Nzuguni: Nilichapa na wanafunzi wangu, zikatoka safi, mishipa ya jani unaihesabu mmoja mmoja. Nikapeleka kwa fundi wa fremu. Yeye kuona vumbi akachukua kitambaa chenye maji ya sabuni ya unga, akafuta. Nafika, bluu imegeuka umanjano wa kutu, na alama za vidole vyake zimebaki pale pale. Bluu ile haivumilii alkali, kama sabuni ya unga au magadi, hata kidogo. Nilidai fidia, akaniambia rangi yangu ilikuwa feki! Watoto walisikitika mno. Kwa hiyo hata maji ya kisima yenye magadi yaogope, maji ya kwanza ya kuoshea yatie matone ya siki.

Hombolo_Zabibu: Mimi ni mrututu tu. Hakuna bluu inayoufikia.

Mama_Ipagala: Kwa ukavu huu, ndugu yangu? Fuwele zinapoteza maji yake, juu zinafanya unga mweupe. Lazima upake vanishi. Na vyombo vya jikoni marufuku, ile ni sumu. Choya unapata sokoni Majengo: ndimu inaleta wekundu, magadi yanavuta kwenye bluu na kijani.

Hombolo_Zabibu: Na jua linaifuta yote.

Mama_Ipagala: Ndiyo maana nikauliza ukuta.

Fundi_Makole: Ni wa barazani, unatazama magharibi.

Mrangi_Kolo: Basi choya itoe. Mmesahau udongo mwekundu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2006, wekundu wake ni oksidi ya chuma.

Kisasa2: Huo ni udongo, kaka, si kemia.

Mwalimu_Nzuguni: Ni kemia kabisa. Hata bluu ya sayanotaipu ni chuma hicho hicho.

Nkuhungu_Kwetu: Mrangi, ukishuka mjini niletee ndoo moja, nauli ya mzigo juu yangu.

Mrangi_Kolo: Mapangoni hatuchimbi, ni urithi. Makorongo ya Haubi yamejaa. Ila nani anajua gundi itakayoushika kwenye mbao?